Maji Niliyokunywa Njia ya Likawage

Ramadhani moja ya siku za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, watu walinisifu kwa saumu ambayo sikuifunga. Wengi wa walionisifu wamekwisha kufa. Nadhani nimebaki peke yangu ninayeijua habari hii yote, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa.

Nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kilwa Kivinje. Umri wangu ulikuwa miaka ishirini na minne. Siku hizo madereva tulikuwa wa kuhesabika, na kijana akikabidhiwa usukani alianza kutembea kwa namna nyingine. Mimi nilinunua kofia ya kaki na viatu vya ngozi, na nikaanza kusahau kuwaamkia watu wa rika la baba yangu. Kazi yetu ilikuwa kupeleka chumvi, nguo na samaki wakavu bara mpaka Likawage, na kurudi na ufuta na nta.

Utingo wangu alikuwa mtu mzima, amenizidi zaidi ya miaka ishirini. Kwao ni Sudi, kusini ya Lindi, lakini alikuwa ameoa Kivinje na kukaa hapo miaka mingi. Alianza kazi ya magari mimi nikiwa bado nachezea matope. Hakupewa usukani kwa sababu jicho lake moja lilikuwa na ukungu. Akiwa mjini alikuwa akiadhini katika msikiti mdogo karibu na soko. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika mbali, na wanawake wa mtaa ule waliijua kuliko saa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha wakati wa joto. Tajiri alikuwa amenifundisha usukani, gia na breki, akadhani yamekwisha. Huyu mzee alinipeleka kisimani kabla ya safari yangu ya kwanza, akaniambia, "Mwanangu, safari ya jua huanzia hapa." Tulijaza mifuko miwili ya turubai, tukaitundika mbele ya boneti ili upepo uipoze, kisha tukajaza debe moja la nyuma. Alinieleza kuwa upepo ukikupiga mgongoni injini haipati hewa, hata kama wewe mwenyewe unahisi baridi shingoni. Alinionya nisifungue kifuniko cha rejeta ikichemka, akanionyesha kovu la mkono wake. Alinifundisha kugusa matairi kila tunaposimama, kwa sababu gundi ya viraka vya mipira huyeyuka. Na jambo alilolirudia kuliko yote ni hili: "Ikifika saa sita, simama. Tafuta kivuli, lala mpaka saa tisa. Jua halishindani na mtu. Linamngoja tu."

Mwaka wa kwanza nilimsikiliza. Mwaka wa pili nikaona najua.

Ramadhani ile iliangukia kiangazi. Hata Kivinje kwenyewe ukuta wa nyumba ulikuwa ukitoa joto mpaka usiku. Bara ilikuwa zaidi. Siku ya kwanza ya safari, tukienda, nilishikwa na kiu ambayo sijawahi kuiona. Ilipofika adhuhuri nikasimamisha gari, nikafungua boneti kana kwamba naangalia mafuta, nikainama nyuma yake, nikanywa kutoka kwenye mfuko mmoja.

Kila Mwislamu anajua kuwa msafiri ana ruhusa. Anaweza kula na kunywa, kisha siku zake akazilipa baadaye. Ningekunywa mbele ya watu na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini tulikuwa na abiria, mchuuzi wa samaki wakavu wa ng'onda, mtu wa Somanga, ambaye alikuwa amekaa nami mbele tangu alfajiri, na alikuwa amekwisha kusema, "Kijana, jua hili, moto wa injini huu miguuni, na umefunga! Mashaallah. Wangapi wa rika lako?" Nilinyamaza. Aliposema tena mbele ya watu wa Likawage, nikainamisha kichwa kama mtu mwenye haya, na wao wakaipenda haya yangu.

Tulikaa Likawage siku mbili. Asubuhi ya kurudi, foleni ya kisimani ilikuwa ndefu, kisima chenyewe kimepungua, na utingo akaniomba tungoje.

"Debe lina maji kidogo," alisema. "Tungoje zamu yetu."

"Ya kwenye mifuko yanatosha," nikamwambia. "Nataka nikafuturu Kivinje."

Mchuuzi alikuwa anarudi nasi, amemaliza samaki wake. Na tulipata abiria mwingine, mwanamke mdogo aliyekuwa amekuja kujifungulia kwa wazazi wake na sasa anarudi kwa mumewe Kivinje, na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Utingo aliniuliza kwa sauti ya chini kama sitamkalisha mama huyu mbele. Nilisema mbele kuna mtu. Basi mwanamke akapanda juu ya magunia ya ufuta pamoja na utingo, na yule mzee akamfungia turubai kwenye vyuma ili mtoto apate kivuli.

Nilisimama mara tatu kabla ya saa sita, na mara zote tatu nilikunywa. Nilikuwa nabadilisha mfuko ili usionekane mmoja umelegea. Mara ya tatu nilisikia hatua za mchuuzi zinakuja upande wangu. Nikasukuma kizibo haraka, nikajipangusa mdomo kwa mkono, nikafunga boneti. Sikuangalia kama kizibo kimekaa. Maji yale yaliyobaki yalikuwa yakidondoka barabarani nyuma yetu, tone kwa tone, na mavumbi yanayanywa.

Saa sita ilipofika utingo aligonga paa la chumba changu. Hiyo ilikuwa ishara yake ya kuomba nisimame. Nikasimama, akashuka, akaja dirishani. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Tupumzike hapa, dereva. Kuna kivuli. Nta imeanza kulainika kwenye magunia, na mtoto analia."

Mimi nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa na maji tumboni, na kichwa changu kilikuwa chepesi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi ndiye. Nilipima joto la wote kwa mwili wangu mwenyewe, nikaona watu hawa ni walegevu.

"Wewe umezeeka, mzee," nikasema. "Ukichoka, lala huko huko juu."

Mchuuzi akacheka. Utingo akaniangalia kwa lile jicho zima, akapanda.

Nusu saa haikupita tukaanza kupanda mlima mrefu, upepo unatoka nyuma. Nilijua maana yake, lakini nikakanyaga mafuta. Kwanza ilikuja harufu ya rangi inayoungua, kisha mvuke, kisha mlio kama wa birika, na gari likafa katikati ya mlima. Kabla sijashuka utingo alikuwa amekwisha kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Nilinyoosha mkono kwenye rejeta, akanishika kifundo.

"Unataka kupofuka?" alisema. "Iache ipoe."

Kisha akaenda kwenye mifuko. Mmoja ulikuwa umenywea kabisa, kizibo kinaning'inia kwenye uzi wake. Wa pili ulikuwa na maji ya kikombe kimoja, labda viwili. Akaenda nyuma kwenye debe, akarudi nalo, ndani maji hayafiki vidole vinne. Tukasimama tukiyaangalia. Hakukuwa na nyumba mbele wala nyuma, ni pori la miti iliyopukutika majani, na kile kivuli tulichokipita tumekiacha maili nyingi.

Mchuuzi akauliza, "Maji yamekwenda wapi?"

Ningeweza kusema. Nimeipima dakika ile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara naona ilikuwa na nafasi ya kutosha. Ingenipasa kusema maneno mawili tu. Badala yake nilisema, "Muulize utingo. Yeye ndiye mwenye kukaa na maji."

Mchuuzi akamgeukia. Na mimi, kwa kuogopa asije akajitetea, nikaongeza, "Asubuhi nilimwona anajipangusa mdomo."

"Kobe!" alisema mchuuzi. Ndilo jina tunalompa anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. "Mtu mzima! Mtu wa kuadhini! Unainamisha kichwa ndani ya gamba unakunywa maji ya gari, na kijana mdogo amefunga!"

Utingo alinitazama mimi. Kisha akasema polepole, "Mimi nimefunga."

Mchuuzi alidhani anabisha. Lakini katika chuo cha Kurani tulifundishwa sote kuwa mwenye saumu akitukanwa asirudishe tusi, aseme tu kwamba amefunga. Mchuuzi labda alisahau. Mimi sikusahau.

Yule mzee akamimina maji ya debe ndani ya kibuyu cha yule mwanamke, taratibu, lisimwagike hata tone. Na yale ya mfuko pia. "Haya ya mtoto, mama," alisema. "Na wewe unyonyeshaye, kunywa." Akaweka debe tupu begani akashuka mlima kuelekea mto mkavu tuliouvuka, ambako watu huchimba mchanga wakapata maji. Ni mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi ni kupanda. Alivaa ndara zilizokatwa kwenye tairi. Mimi nilikuwa na viatu vya ngozi, na nguvu, na maji tumboni. Nilisema lazima nibaki kulinda gari. Hakuna aliyekuwa akilitaka.

Mchuuzi alijilaza chini ya lori akalala. Mimi nikakaa kwenye ubavu wenye kivuli kidogo. Yule mwanamke alikuwa amekaa upande wa pili wa gurudumu, anampepea mtoto kwa ncha ya kanga. Muda ukapita. Akasema bila kunitazama:

"Kaka, mimi nilikuona."

Nikatazama viatu vyangu.

"Nilikuwa juu ya magunia. Wewe uliinua boneti, ukasahau kuwa juu kuna watu. Mara zote tatu. Yule baba alikuwa anamwekea mwanangu turubai, hakuona."

"Mbona hukusema?" nikamwuliza, kana kwamba kosa ni lake.

"Ningesema mimi, mwanamke peke yangu njiani na wanaume nisiowajua? Nilingoja useme wewe."

Nilimtazama mchuuzi kama amelala kweli. Kisha nilifanya jambo ambalo linaniumiza kuliko uongo wenyewe. Nilisogea karibu na gurudumu, nikamwambia, "Dada, nisitiri. Nitamwambia mwenyewe. Wewe usimwambie mtu, wala mumeo." Nikasema tena, "Nitakukalisha mbele mpaka Kivinje." Aliniangalia mara moja. Sijapata kuangaliwa vile tena. Akageuza uso akaendelea kumpepea mtoto.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande tulipomwona utingo. Debe liko kichwani, mkono mmoja umelishika, na anatembea kama mtu anayekanyaga vitu visivyokuwapo. Nilikwenda kumpokea, hilo nililifanya. Nilipoligusa debe, yeye akakaa chini barabarani, kisha akalala. Ngozi yake ilikuwa inawaka na imekauka, hakuna jasho hata kwapani. Alikuwa anazungumza na mtu kuhusu nyavu, kwamba zivutwe, kwamba maji yanakupwa.

Mchuuzi alikuwa ameamka, na yule mwanamke akampa mtoto bila hata kumwuliza, akaja mbio. "Hatoki jasho," alisema. "Mwingizeni kivulini. Mvueni shati." Alilowesha kanga yake moja ndani ya debe akamfunika kifua, akamlowesha kichwa na makwapa, akaniamuru nipepee kwa kofia yangu. Nikapepea. Sijui ni kwa muda gani. Alipofumbua macho na kututambua, mwanamke alimwinua kichwa, akaweka kibuyu mdomoni mwake.

"Kunywa, baba. Mgonjwa ana ruhusa."

Alitazama jua, akaona bado liko juu. Kisha akanywa. Alikunywa mbele yetu sote, mchana, bila kujificha, akasema alhamdulillahi.

Mchuuzi akasonya. "Sasa hana haja ya kujificha tena," alisema.

Hata hapo sikusema.

Maji yaliyobaki tuliyatia kwenye rejeta iliyopoa, tukaondoka jua likiwa limepungua makali, nikiendesha polepole kama nilivyofundishwa. Utingo alikaa mbele pamoja na yule mwanamke. Mchuuzi alipanda juu akinung'unika. Magharibi ilitukuta kwenye kijiji cha kwanza. Watu walikuwa wametandika mkeka nje, uji na mihogo viko tayari, wakatukaribisha kama ilivyo desturi. Mchuuzi alikuwa amekwisha kuwapa habari kabla sijanawa mikono. Mzee wa nyumba akachukua tende ya kwanza akanipa mimi. "Chukua, mwanangu. Siku kama ya leo, na kazi kama yako. Mungu aikubali."

Nikaipokea. Nikasema amin. Utingo alikuwa amelala kwenye baraza, hatua chache tu kutoka mkekani, na alikuwa macho.

Habari ilifika Kivinje kwa mdomo wa mchuuzi. Tajiri hakuwa Mwislamu, na mambo ya saumu hayakumhusu, lakini utingo anayekunywa maji ya gari hakumtaka. Alituita wote wawili mbele ya duka. "Ni kweli?" aliniuliza. Nilisema, "Maji yalikwisha, bwana." Nilijiambia kuwa hilo si uongo. Utingo aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Msikitini hakuna aliyemkataza kuadhini. Ila jioni moja alifika akakuta mtu mwingine amekwisha kusimama mahali pake, na jioni iliyofuata vilevile. Nje, watu walimwita Kobe, kwanza kwa kunong'ona. Kabla ya Idi kubwa alihama na mkewe wakarudi Sudi.

Nikaendelea na kazi. Nilipewa utingo mwingine, mtu mwenye heshima, aliyeniitikia kila neno. Hakunifundisha kitu.

Ilipita miaka miwili ndipo nikaenda Sudi. Tajiri alikuwa amenituma Lindi na mzigo, nikaomba siku moja. Nilimkuta anashona wavu mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia shikamoo, amkio ambalo sikuwa nimempa tangu nianze kuvaa ile kofia.

"Marahaba," alisema. "Kaa."

Nikamwambia niliyokuja kumwambia nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, mikono yake haikuacha kazi.

"Nilijua," alisema nilipokwisha. "Nilijua pale pale mlimani. Siku ile sisi sote midomo ilikuwa imepasuka. Yako ilikuwa laini kama ya mtoto."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Neno langu na lako, na wewe ndiye dereva? Nilikungoja. Nikasema, atasema nikirudi na maji. Kisha nikasema, atasema kwenye futari. Kisha nikasema, mbele ya tajiri hawezi kunyamaza." Alikata uzi kwa meno. "Baada ya hapo sikungoja tena."

Nilimwomba radhi. Alisema, "Mimi nimekusamehe, maana sitaki kubeba hilo mpaka kaburini. Lakini Kivinje hawakusikia haya unayoniambia. Umekuja kuniambia mimi, na mimi nilikuwa nayajua."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilisimama katika ule msikiti mdogo karibu na soko. Nilisema kwamba maji niliyanywa mimi, na kwamba yule mzee alikuwa amefunga mpaka alipougua. Mmoja akasema Mungu akusamehe. Mwingine, aliyekuwa akiuza tambuu pale nje, akasema, "Umechelewa, bwana," akatoka. Mchuuzi nilimfuata Somanga kwake. Alicheka, akasema hayo ni mambo ya zamani, akanipa samaki wawili wa kupeleka nyumbani. Sikuwachukua.

Nilimpelekea habari yule mzee huko Sudi. Alifurahi kidogo, nadhani. Nilimwambia watu wa Kivinje wanamwomba arudi, ingawa ni wawili tu waliosema hivyo. Hakurudi. Alisema sauti imekwisha.

"Uliwaambia jambo lote?" aliniuliza nilipokuwa naaga.

"Lote," nikasema.

Haikuwa kweli. Nilieleza maji, na uongo, na kunyamaza kwangu mbele ya tajiri. Lile la yule mwanamke sikulitaja msikitini, wala kwa yule mzee, wala kwa mke wangu. Sikumwambia mtu yeyote kwamba kulikuwa na shahidi, kwamba alinipa nafasi utingo akiwa bado njiani anakuja na debe kichwani, na kwamba nilimwomba anyamaze kwa kumwahidi kiti cha mbele, kiti ambacho kilikuwa haki yake tangu Likawage.

Yule mwanamke aliishi Kivinje miaka mingi baada ya hapo. Tulikuwa tukikutana sokoni. Alikuwa akinisalimu kwa adabu, na mimi nikimjibu, na kila mmoja akiendelea na njia yake.